Chaneli Moja, Nyumba Sita: Namna ya Kuepuka Mwingiliano wa Mawimbi ya Wi-Fi Nyumbani

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mwananchi kupanda gari hadi Nyamwaga, Tarime Mjini, Mugumu au Musoma sasa huanzia kwenye simu au kompyuta. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Mzabuni, fundi au kikundi kinachotaka kazi ya Serikali hujisajili katika mfumo wa ununuzi wa umma, NeST. Kijana anayetafuta ajira serikalini hutuma maombi yake kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwanafunzi anayehitaji mkopo hujaza fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu akiwa nyumbani kwao. Maombi mengi ya aina hiyo yana siku ya mwisho, na mfumo ukishafungwa haumtofautishi mtu aliyesahau tarehe na mtu ambaye ukurasa wake uligoma kufunguka.

Kwa sababu hiyo, kasi ya intaneti ndani ya nyumba si suala la burudani peke yake. Pale intaneti inapozorota, wananchi wengi hununua kifurushi kikubwa zaidi au huulaumu mnara. Zipo nyakati ambapo lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, katika maeneo yaliyosongamana kama Sirari, Nyamongo, Tarime Mjini na Mugumu, tatizo linaweza kuwa karibu zaidi: katika hewa iliyopo kati ya ruta na simu, umbali wa hatua kumi tu. Tatizo la namna hiyo halitibiwi kwa kifurushi. Hutibiwa kwa kuyafahamu masafa, kuchagua chaneli inayofaa, kuiweka ruta mahali panapostahili, na kuelewana na jirani.

Safari mbili za intaneti

Intaneti inayofika kwenye simu kupitia ruta husafiri kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, ama kwa mawimbi ya mnara wa simu, ama kwa kebo. Hatua ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, kompyuta au runinga, kwa mawimbi ya Wi-Fi. Hatua hizi mbili hutumia masafa tofauti na zina matatizo tofauti. Kifurushi kinahusu hatua ya kwanza tu. Mwenye nyumba anaweza kuwa amelipia kasi kubwa, ikafika salama mpaka kwenye ruta, kisha ikapotea sebuleni kabla ya kufika chumbani.

Kutofautisha hatua hizo si kazi ngumu. Mtumiaji asimame hatua mbili kutoka kwenye ruta, apime kasi kwa programu yoyote ya kupimia kasi ya intaneti, aandike matokeo. Kisha aende katika chumba chenye matatizo na kupima tena. Kasi ikiwa duni katika sehemu zote mbili, yamkini kasoro ipo katika hatua ya kwanza, na anayepaswa kuulizwa ni mtoa huduma. Kasi ikiwa nzuri karibu na ruta na mbaya chumbani, kasoro ipo ndani ya nyumba. Ipo pia hali ya tatu: kasi kuwa nzuri saa 11 alfajiri na kuporomoka saa 2 usiku. Hapo kuna mambo mawili yanayowezekana, yaani msongamano kwenye mnara au msongamano wa Wi-Fi za majirani. Kompyuta ikiunganishwa na ruta kwa waya wa mtandao saa hiyohiyo ya usiku, jibu hupatikana. Ikiwa kwa waya kasi ni nzuri, mnara hauna hatia.

Masafa ni nini, na nani anayamiliki

Mawimbi ya redio ni mtikisiko unaosafiri hewani kwa kasi ya mwanga. Idadi ya mitikisiko katika sekunde moja ndiyo huitwa masafa, na kipimo chake ni hezi, jina litokanalo na mwanasayansi wa Kijerumani Heinrich Hertz. Kituo cha redio kinachosikika kwenye 100 megahezi hutoa mawimbi yanayotikisika mara milioni 100 kwa sekunde. Wi-Fi ya kawaida hutumia takriban gigahezi 2.4, yaani mara bilioni 2.4 kwa sekunde. Urefu wa wimbi moja la aina hiyo ni kama sentimita 12 na nusu.

Masafa ni rasilimali kama ardhi au maji. Kimataifa hugawanywa kwa makubaliano chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na hapa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Sehemu kubwa ya masafa hutolewa kwa leseni: kituo cha redio kina yake, kampuni ya simu ina yake, ndege na polisi wana yao. Anayeingilia masafa ya mwenzake anavunja sheria.

Masafa ya Wi-Fi yako tofauti kidogo. Mwaka 1947, mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City, Marekani, ulitenga eneo la gigahezi 2.4 kwa ajili ya mitambo ya viwanda, sayansi na tiba, yaani mitambo inayotoa mawimbi kwa kazi nyingine isiyo mawasiliano, kama vile kupasha joto. Lilihesabika kuwa eneo la kelele. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano vyenye nguvu ndogo kulitumia bila leseni ya mtu mmoja mmoja, na mwaka 1997 kikatolewa kiwango cha kwanza cha teknolojia ambayo leo inaitwa Wi-Fi. Kasi yake ya juu wakati huo ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde.

Urithi huo una faida na gharama. Faida yake ni kwamba mwananchi hahitaji leseni ya masafa ili kuwasha ruta nyumbani kwake. Gharama yake ni kwamba hana haki ya kudai ukimya. Eneo hili ni mfano wa malisho ya kijiji: kila mwenye ng'ombe anaingia, hakuna mwenye hati, na majani yanawatosha wote pale tu wanapolisha kwa utaratibu.

Chaneli 13, nafasi tatu

Bendi ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli zilizopewa namba kuanzia 1 hadi 13. Mtu akiziona namba hizo kwenye ruta hudhani kuwa kuna njia 13 zilizo huru, na kwamba nyumba 13 zinaweza kutumia kila moja njia yake bila kugusana. Dhana hiyo si sahihi, na ndicho chanzo cha usumbufu mwingi.

Vitovu vya chaneli zinazofuatana vimepishana kwa megahezi 5 tu. Kitovu cha chaneli ya 1 kipo kwenye megahezi 2412, cha chaneli ya 2 kwenye 2417, cha chaneli ya 3 kwenye 2422, na kuendelea. Lakini ruta inapozungumza, sauti yake haikai kwenye kitovu. Hutanda upana wa takriban megahezi 20 hadi 22. Kwa hiyo ruta iliyo kwenye chaneli ya 1 hujaza eneo la megahezi 2401 hadi 2423, na kwa kufanya hivyo hukanyaga chaneli ya 2, ya 3, ya 4, hata ukingo wa chaneli ya 5.

Chaneli ya kwanza isiyoguswa na chaneli ya 1 ni ya 6, inayochukua megahezi 2426 hadi 2448. Isiyoguswa na ya 6 ni ya 11, inayochukua megahezi 2451 hadi 2473. Kwa hesabu hiyo, bendi yenye namba 13 ina nafasi tatu tu zilizo huru kwa hakika: 1, 6 na 11. Chaneli ya 12 na ya 13 zipo, lakini baadhi ya simu na kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani haziwezi kuziona. Mwenye nyumba akizichagua, mgeni wake anaweza kukosa mtandao bila kujua sababu.

Mafahali wawili na zizi moja

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa Wi-Fi, usemi huo una kweli nusu.

Ruta mbili zikiwa kwenye chaneli ileile, mathalani zote kwenye chaneli ya 6, huelewana. Kifaa cha Wi-Fi kabla ya kutuma husikiliza kwanza. Kikisikia kifaa kingine kinazungumza kwenye chaneli hiyo, hungoja kimalize, kisha husubiri kitambo kidogo ndipo kianze. Ni utaratibu wa kikao cha kijiji chenye mwenyekiti makini: mmoja anasema, wengine wananyamaza. Kila mtu anapata zamu yake, ila wanavyoongezeka wasemaji ndivyo zamu inavyochelewa. Kasi hupungua, lakini ujumbe hufika.

Hali huwa mbaya zaidi pale ruta moja inapokuwa kwenye chaneli ya 6 na nyingine kwenye chaneli ya 4 au ya 8. Hizi zinakanyagana bila kuelewana. Kila moja humsikia mwenzake kama kelele isiyo na maneno, hivyo mara nyingi haingoji zamu. Zote mbili huzungumza kwa pamoja, ujumbe huharibika njiani, na simu hulazimika kuomba utumwe upya. Mtu aliyewahi kusimama stendi kati ya vibanda viwili, kila kimoja kikipiga tangazo lake kwa kipaza sauti, analijua tatizo hilo: sauti zote mbili zipo juu, na hakuna neno linalosikika.

Kwa mantiki hiyo, mwenye nyumba anayeona chaneli za 1, 6 na 11 zote zina watu, kisha akajificha kwenye ya 3 au ya 9 kwa kudhani amepata upenyo, amejidhuru na amewadhuru majirani wa pande zote mbili. Ni heri kuingia kwenye chaneli yenye mtu na kungoja zamu kuliko kusimama katikati ya watu wawili na kuwakatiza.

Mfano wa nyumba ya kupanga

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita vinavyotazamana uani, kama zilivyo nyingi karibu na stendi za Sirari na Mugumu. Kila mpangaji amenunua ruta yake. Ruta tatu zilitoka dukani zikiwa kwenye chaneli ya 6 na hazijaguswa tangu siku hiyo. Ya nne imewekwa chaneli ya 4 na fundi aliyetaka kusaidia. Ya tano iko chaneli ya 1 lakini imeruhusiwa kutumia upana wa megahezi 40. Ya sita hujichagulia yenyewe, nayo imetua kwenye chaneli ya 8. Saa 2 usiku wote wamerudi kazini. Mmoja anatazama mpira, wa pili anazungumza na ndugu aliye mbali kwa picha, wa tatu anapandisha vyeti vyake kwenye mfumo wa maombi ya kazi unaofungwa usiku huo. Vyeti vinafika nusu na kusimama.

Katika nyumba hiyo hakuna aliyefanya kosa kwa makusudi, na huenda kila mmoja amelipia kifurushi cha kutosha. Kasoro tatu zimekutana. Ya kwanza ni chaneli za 4 na 8 zinazoisumbua ya 6. Ya pili ni upana wa megahezi 40: katika bendi ya 2.4, ruta yenye upana huo hukalia takriban nafasi mbili kati ya tatu zilizopo, kama gari moja lililoegeshwa mahali pa magari mawili. Ya tatu ni kwamba chaneli ya 11 haina mtu kabisa.

Tiba yake ni wapangaji kukubaliana: vyumba viwili vitumie chaneli ya 1, viwili chaneli ya 6, viwili chaneli ya 11, na wote waweke upana wa megahezi 20. Ni vyema wanaoshirikiana chaneli wawe wale wenye vyumba vilivyo mbali zaidi. Kazi hiyo haigharimu shilingi, na huweza kumalizika ndani ya saa moja.

Wakazi wa Sirari wana jambo la ziada la kuzingatia. Wamezoea kuona simu ikidaka mtandao wa Kenya ilhali wao wangali upande wa Tanzania, kwa kuwa mawimbi hayatambui mpaka. Wi-Fi nayo haitambui mpaka wala ukuta wa kiwanja. Ruta ya duka la ng'ambo ya barabara ni jirani hewani kama ilivyo ya mpangaji wa chumba cha pili.

Wasumbufu wasio ruta

Si kila kelele hutoka kwenye ruta. Jiko la maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya takriban megahezi 2450, katikati kabisa ya bendi ya Wi-Fi. Mlango wake huyazuia kwa kiwango kilicho salama kwa afya, lakini kiasi kidogo kinachovuja kinatosha kuisumbua simu iliyo karibu wakati jiko linafanya kazi. Vipaza sauti na visikizio vinavyotumia Bluetooth hufanya kazi katika bendi hiyohiyo, ingawa hurukaruka kutoka sehemu moja ya bendi hadi nyingine ili kupunguza usumbufu. Simu inayogawa intaneti kwa wenzake ni ruta kamili kwa upande wa mawimbi. Ikiachwa imewashwa siku nzima bila mtu kuitumia, inaongeza msongamano bure.

Vizuizi navyo vina sehemu yake. Chuma hurudisha mawimbi. Kibanda cha mabati, mlango wa chuma, kabati la chuma na friji ni ngao dhidi ya Wi-Fi. Maji hunyonya mawimbi, hivyo tangi la maji lililo kati ya ruta na chumba hupunguza nguvu. Ukuta wa tofali la kuchoma hupunguza, na zege lenye nondo hupunguza zaidi. Ruta iliyofichwa nyuma ya runinga au chini ya meza kwa ajili ya unadhifu wa sebule imefungwa mdomo na mwenyewe.

Ruta iwekwe juu, kama mita moja na nusu au mbili kutoka sakafuni, mahali pa wazi, karibu na kitovu cha matumizi. Hapa pana mgongano unaowahusu wananchi wengi wa Mara, kwa kuwa ruta zao hutumia laini ya simu. Ruta ya namna hiyo hutaka kukaa dirishani ili ione mnara, na wakati huohuo hutaka kukaa katikati ya nyumba ili ifikie vyumba vyote. Kanuni ni kutanguliza hatua ya kwanza: iwekwe dirisha la upande wa mnara, kwa sababu kasi isiyoingia nyumbani haiwezi kugawanywa. Baada ya hapo, kama chumba cha mbali hakifikiwi, waya wa mtandao uvutwe hadi kwenye ruta ya pili ndani ya nyumba, nayo ipewe chaneli tofauti na ya kwanza.

Bendi ya gigahezi 5

Ruta nyingi zinazouzwa sasa zina bendi mbili, na mara nyingi hutoa majina mawili ya mtandao, moja likiwa na alama ya 5G mwishoni. Alama hiyo isichanganywe na 5G ya kampuni za simu. Hapa inamaanisha bendi ya gigahezi 5 ya Wi-Fi.

Bendi hii ni pana zaidi. Chaneli za 36, 40, 44 na 48, zikiwekwa katika upana wa megahezi 20, hazigusani hata kidogo, na juu yake zipo nyingine nyingi. Jiko la maikrowevu na Bluetooth havifiki huko. Kwa nyumba ya kupanga yenye msongamano, kuhamishia runinga na kompyuta kwenye bendi hii kunaweza kuwa suluhisho kubwa kuliko yote.

Udhaifu wake ni umbali. Mawimbi yake ni mafupi zaidi, kama sentimita 6, na hudhoofika upesi yanapokutana na kuta. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni vifaa vilivyo katika chumba kimoja na ruta vitumie gigahezi 5, na vilivyo mbali vibaki kwenye 2.4. Baadhi ya chaneli za bendi hii, kuanzia 52, hutumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa katika nchi mbalimbali. Ruta iliyotengenezwa kwa viwango husikiliza kwanza na huhama ikisikia rada. Ndiyo sababu mtandao wa chaneli hizo huweza kukatika ghafla kwa dakika kadhaa. Asiyetaka usumbufu huo abaki kati ya 36 na 48.

Namna ya kubadili chaneli

Hatua zifuatazo zinahitaji simu na utulivu wa dakika 20.

1. Pakua programu ya bure ya kuchunguza Wi-Fi kwenye simu ya Android. Itaonesha mitandao yote iliyo karibu, chaneli zake na nguvu zake. Nguvu huandikwa kwa namba hasi: -50 ni kubwa, -67 inatosha kutazama video, -80 ni dhaifu. Fanya uchunguzi usiku, wakati majirani wamewasha ruta zao.

2. Hesabu mitandao yenye nguvu katika chaneli za 1, 6 na 11. Chagua yenye mitandao michache au iliyo dhaifu zaidi. Usichague namba nyingine katikati yake.

3. Geuza ruta na usome karatasi iliyobandikwa chini yake. Ina anwani, kwa kawaida 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1, pamoja na neno la siri la msimamizi. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na ruta.

4. Tafuta sehemu ya mipangilio ya Wi-Fi. Mahali palipoandikwa chaneli, ondoa uchaguzi wa kujiendesha na uweke namba uliyoichagua. Ruta nyingi zinazojichagulia hufanya hivyo zinapowashwa tu. Zikiwashwa mchana wakati hakuna mtu, huchagua chaneli ambayo usiku itajaa.

5. Kwenye upana wa chaneli, weka megahezi 20 kwa bendi ya 2.4.

6. Badilisha neno la siri la msimamizi lililotoka kiwandani, na hakikisha Wi-Fi yenyewe ina neno la siri lisilobashirika. Jirani anayeingia bila ruhusa hula kifurushi na zamu ya hewani kwa pamoja.

7. Hifadhi, subiri ruta ijiwashe upya, kisha pima kasi tena katika chumba kilekile na saa ileile. Bila kipimo cha kabla na baada, hakuna anayejua kama mabadiliko yamesaidia.

Boma la kijijini

Katika kata ambazo nyumba zimeachana, ushauri ni tofauti. Boma lililozungukwa na mahindi, migomba au kahawa, ambalo jirani wa karibu yuko umbali wa mita mia mbili, kwa kawaida halisumbuliwi na Wi-Fi ya mtu mwingine. Kubadili chaneli hapo hakutaleta tofauti ya maana. Kinachosumbua ni umbali kati ya nyumba ya wazazi, nyumba ya kijana aliyeoa na jiko, pamoja na kuta na mabati yaliyopo kati yake.

Ieleweke pia kwamba simu iliyo pembezoni huwachelewesha wengine. Kwa kuwa mawimbi yake ni dhaifu, huzungumza polepole, na muda wote inaozungumza wenzake wanangoja. Kijana anayetazama video chini ya mwembe mwishoni mwa ua anaweza kumpunguzia kasi mama aliyeketi kando ya ruta. Kusogea hatua kumi kunawasaidia wote wawili.

Sheria na malalamiko

Uhuru wa kutumia Wi-Fi bila leseni ya masafa hauhusu kila kifaa. Vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na TCRA, na mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kuhusu idhini hiyo. Aidha, kifaa cha kukuza Wi-Fi ndani ya nyumba kisichanganywe na kifaa cha kukuza mawimbi ya mnara wa simu. Hicho cha pili hugusa masafa yenye leseni. Kikifungwa bila idhini huweza kuvuruga mawasiliano ya kijiji kizima, ikiwemo simu ya mtu anayeita msaada wa dharura.

Endapo vipimo vimeonesha kwamba tatizo lipo katika hatua ya kwanza, mwananchi awasilishe malalamiko kwa mtoa huduma wake akiwa na tarehe, saa na kasi alizopima karibu na ruta. Malalamiko yenye vipimo ni mazito kuliko yenye hasira. Asiporidhishwa na majibu, anaweza kuyafikisha TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa na sheria ili kusimamia maslahi ya watumiaji.

Kwa mgongano wa Wi-Fi baina ya majirani, hata hivyo, hakuna ofisi ya kwenda kushtaki, kwa kuwa hakuna aliyevunja sheria. Kilichopo ni ujirani. Wenye nyumba za kupanga wanashauriwa kuwaita wapangaji wao, kugawana chaneli za 1, 6 na 11, na kubandika mgawanyo huo ukutani mahali pa wazi, ili mpangaji mpya anapohamia na ruta yake ajue nafasi yake ni ipi kabla hajaiwasha.